Mwaka Nilioitwa Homgadi

Walipokuja kupiga filamu ya Mau Mau kwenye vilima vya Lukenya, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nyumbani kwetu kulikuwa na jozi moja tu ya viatu vya maana. Mimi na mdogo wangu tulivivaa kwa zamu, kila mtu na Jumapili yake. Siku ya kwenda kuchaguliwa ilikuwa zamu yake. Nilidamka nikavichukua, nikavipaka rangi mpaka vikang'aa, kwa sababu niliamini mtu hawezi kuingia kwenye filamu miguu mitupu. Wengi waliamini hivyo hivyo. Wapo waliokuja na tai za harusi.

Kijana wa Nairobi aliyeshika karatasi hakututazama nyuso. Alipita kwenye mstari akiangalia chini. Wenye viatu akatutuma kushoto, tukapewa kofia na makoti ya homgadi, wale askari Waafrika wa mkoloni. Wenye visigino vilivyopasuka wakaenda kulia, wakawa wapiganaji waliokamatwa. Mdogo wangu akaenda kulia. Yeye hata hamu hakuwa nayo. Alikuja kwa sababu mama alimtuma aniangalie.

Kwa siku tatu wao walivunja mawe, sisi tukawasimamia. Siku ya pili mwongozaji akampenda mdogo wangu. Alikuwa na macho makubwa ya unyonge, macho ambayo nyumbani yalimwepusha na kazi nyingi. Akapewa maneno ya kusema, sentensi moja kuhusu ardhi. Mimi niliambiwa akimaliza kusema nimpige kwa fimbo, ila fimbo ipite kando ya bega iangukie gunia. Tulirudia mara nne. Mara ya tano sikulenga gunia. Alilia kweli, na mwongozaji akapiga makofi. Hiyo ndiyo iliyobaki kwenye filamu.

Sasa, baba yetu, tuliyemwita nau kama Wakamba wengine, alikuwa amewekwa kizuizini enzi zile. Tulijua hivyo tu. Aliporudi alichimba makinga maji shambani, akachelewa sana kuoa, akanyamaza. Nikiwa mdogo nilimuuliza kuhusu alama za mgongoni, akaniambia nikawape ng'ombe maji. Lakini mimi ndiye kifungua mimba. Sikuwa na shaka kwamba siku atakayofungua mdomo, atanifungulia mimi.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi moja mchana kwenye ukumbi wa kanisa, mjini Machakos, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Kabla haijaisha watu walikuwa wakibishana. Mzee mmoja alisimama kuuliza kwa nini kila Mkamba mle ndani ana fimbo, kana kwamba kabila zima lilikuwa la askari jela. Mama mmoja akamjibu kwamba yeye anawajua kwa majina walioshika fimbo, na akitaka atamtajia. Wiki iliyofuata chifu akapiga marufuku isionyeshwe tena, basi kila mtu akaitafuta. Kanda zilinakiliwa, zikauzwa sokoni zikiwa zimefichwa chini ya mitumba.

Mdogo wangu akawa mtu. Wanawake wa sokoni walimpa matunda bure. Mimi nikipita kwa kinyozi, wote waliokuwa kwenye benchi waliinua mikono juu. "Afande homgadi, sisi tuko na kipande, usituchape." Nilicheka nao. Ningefanya nini?

Kilichoniuma si hicho. Siku ile ya ukumbini baba alikuwapo. Tulipotoka alimshika mdogo wangu bega, wakatangulia wawili. Nilipotaka kuwafikia, mama alinivuta shati. Tangu hapo, wakikarabati makinga maji kabla ya mvua, nilikuwa nikimwona baba kwa mbali amesimama na jembe, anaongea, anaonyesha kwa mkono urefu kama wa ukuta wa kambi. Nikisogea, mazungumzo yanageuka kuwa ya mawingu.

Niliondoka. Matuu nilipakia maembe kwenye malori, Kithyoko nilikaa karibu mwaka nikiuza mahindi, kisha nikaenda mbali zaidi. Kila nilikolala niliwaza nyumbani, moshi wa jikoni na muthokoi wa mama, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, na kila nilipowaza nyumbani niliwaona wale wawili shambani. Mdogo wangu akaanza kualikwa shuleni siku za kumbukumbu kusimulia mateso ya baba. Nilimsikiliza mara moja, nimesimama nyuma ya wanafunzi. Nilijifunza habari za baba yangu pamoja na watoto wa watu.

Nilirudi msimu wa mbaazi. Baba alikuwa peke yake uani, anapukuchua. Nikakaa chini nikamsaidia, halafu nikamuuliza.

"Nau, mbona mimi hukuniambia?"

Hakuinua kichwa. "Nikikuangalia nakuona na ile kofia."

"Hiyo ilikuwa sinema."

"Najua ni sinema, mimi si mtoto. Lakini ulimpiga ukitaka. Niliona."

Nilikubali. Nikamwambia nilimwonea wivu, na kwamba bado.

Tulipukuchua karibu nusu ya ungo. Akanieleza kwamba miezi ya mwisho kambini alifanywa msimamizi wa wafungwa wenzake, akapewa fimbo na chakula cha ziada. Kulikuwa na mfungwa mmoja aliyependwa na watu wote, hata na askari. Baba alimpiga mpaka akashindwa kusimama.

"Hakuna aliyeniambia nimpige hivyo," alisema. "Ndugu yako sikumwambia. Angeniangaliaje?"

"Na mimi je?"

"Wewe unajua fimbo ya aina ile inakoanzia."

Sikuuliza jina la yule mtu.

Tulipomzika baba, mdogo wangu alisoma historia ya maisha yake. Ilikuwa nzuri, na watu walilia. Nilisimama karibu naye nikisubiri mahali ambapo jambo lile lingekuwa, na alipoliruka bila kujua nilijawa na furaha ambayo haifai kaburini. Hadi leo anaalikwa mashuleni, nami sijawahi kumkatiza. Nilijiambia nalinda jina la baba. Ukweli ni kwamba nilikuwa na kitu cha baba ambacho yeye hana, na sikutaka kugawana.

Akisoma hapa atajua. Atanikasirikia sana. Kisha, nikimjua vizuri ndugu yangu, ataanza kujiuliza kwa nini baba alinichagua mimi, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye atakayenionea wivu.