Mkono wa Kakangu Bustanini

Yule mzungu wa jiwe sikumpenda hata siku moja, na nalisema hili mwanzo nisije nikaambiwa namlilia. Alikuwa ameketi kitini katika bustani ndogo nyuma ya maofisi ya zamani, suti ya jiwe, masharubu ya jiwe, mkono wa kulia juu ya goti, kama mtu anayengoja kuletewa chai. Bamba la shaba chini yake lilisema ndiye aliyeujenga mji huu. Aliujenga na nani? Mababu zetu walikuwa na majumba ya ghorofa hapa Mji wa Kale kabla yeye hajajua Mombasa iko upande gani.

Lakini ule mkono wa juu ya goti ulikuwa wa kakangu.

Babangu ni fundi wa lipu na nakshi za ukutani. Mwaka mmoja wa mvua kubwa, tawi la mwarobaini lilimwangukia yule bwana likamkata mkono kwenye kifundo cha kiganja, ukasagika. Wakubwa wa mji wakatafuta fundi wa kuunda mwingine, wakaonyeshwa babangu. Majirani walimjia juu. Mmoja wao, mtu wa msikitini sana, alimsimamisha barazani mbele za watu. "Weye mtu wa swala tano, leo wafanya masanamu? Hujui aliyeunda sanamu ataambiwa siku ya Kiyama alitie roho, na hataweza?"

Babangu akacheka. "Mimi naunda mkono tu, sheikh. Mkono hauna roho."

Maneno hayo tuliyafanyia mzaha nyumbani mwezi mzima. Nikimwomba kakangu anipe mkono tusogeze kabati, hunijibu, "Mkono hauna roho, dadangu," kisha akajinyoosha vizuri zaidi mkekani. Alikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa mashine za mashua kule Liwatoni, na mvivu wa kazi za nyumbani ambaye sijamwona mfano wake.

Babangu alihitaji mkono wa kufanyia kalibu ya kumiminia saruji, na wa kakangu ulikuwa karibu. Akamkalisha uani, kiganja juu ya ubao, akammwagia plasta ile nyeupe wanayofungia watu waliovunjika mifupa. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda. Mashine ilikibana zamani kikaunga vibaya. Sasa plasta ikiganda hupata moto, na kakangu akaanza makelele. "Baba, yanichoma! Wallahi nitabaki humu humu!" Mamangu alikuwa jikoni, akicheka mpaka mwiko ukamponyoka. Babangu akaweka mkono wake juu ya plasta. "Tulia, baba," alimwambia, maana ndivyo alivyomwita tangu utotoni. "Sasa hivi nakutoa."

Mkono ukaundwa kwa saruji nyeupe na unga wa jiwe, ukapachikwa. Hakuna mkubwa aliyegundua kwamba bwana mkubwa sasa ana kidole cha Liwatoni. Sisi tulikijua, na kila tukipita tulibanana mbavu kwa kicheko.

Miezi minane baadaye, siku ya Ijumaa, watu wametoka swala ya alasiri, kakangu alichukuliwa Ganjoni. Gari jeupe lilisimama, wakashuka wanaume watatu, wakamshika mikono, wakamtia ndani, likaenda. Muuza maji ya miwa aliona. Ni hayo tu tunayoyajua mpaka leo. Kwa nini, na ni akina nani, hatujui. Tulizunguka vituo, hospitali na mochari, na kila mahali tuliambiwa hapa hayuko, kwa upole wa mtu anayetaka ufunge mlango unapotoka.

Siku moja nilimpelekea babangu uji, akaniambia bila kuniangalia, "Sanamu lilidai roho, mwanangu. Nililipa mkono, likataka na mwenyewe."

Nilimfokea. Nilimwambia, baba, astaghfirullah, waliomchukua kakangu ni watu, wana miguu na wana gari. Tangu siku ile hakukanyaga tena bustani ile. Akienda kwa dadake Tononoka alizunguka ndia ndefu, jua kali, na magoti yale mabovu. Na mimi niliyemfokea, nitasema kweli: nywele zilikuwa zikinisimama kila nikipita pale. Mvua ikinyesha, sanamu zima lililoa likawa jeusi, na mvua ikikatika mkono ule ndio uliokauka kwanza. Najua saruji si sawa na jiwe. Babangu mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Lakini kulijua jambo hakukusaidii ukiliona liko mbele yako, mkono mweupe mkavu juu ya goti lililolowa, kama una joto lake.

Mamangu yeye hakuwa na hofu hiyo. Kila Ijumaa alinitaka nimpeleke. Alipanda kile kidaraja cha chini ya sanamu, akaweka kiganja chake juu ya ule mkono, akakipapasa kidole kilichopinda, akatoa habari: nani kaolewa, nani kazaa, paka kaiba samaki gani. Wapita njia walimdhania bibi kizee anayemwabudu mzungu. Mtalii mmoja alimpiga picha, nikamtolea maneno ambayo sitayaandika hapa.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda miaka tisa. Mwaka jana likatoka tangazo la mkutano wa wananchi: sanamu liondoke au libaki? Ukumbi ulijaa. Kijana mmoja alisema, na alisema vizuri, kwamba hakuna mtu anayetundika sebuleni kwake picha ya aliyekuja kumtawala. Mwalimu mmoja mstaafu akamjibu kwamba tukiliondoa watoto watasahau, na watakaosahau watatawaliwa tena. Wakapiga makofi huku, wakapiga makofi kule. Nikainuka.

"Liondoeni," nikasema. "Huyu kaketi hapa na jina lake kwenye shaba, na kakangu aliyezaliwa mtaa wa pili hana hata kaburi la kuandikwa jina. Liondoeni leo. Lakini mkono wa kulia ni wetu, naomba tupewe."

Nikaeleza yote. Mtu akacheka nyuma. Bwana aliyekuwa mezani akaniambia, "Dada, andika barua."

Niliandika tatu. Jibu lilikuja moja, na nilimsomea mamangu jikoni: sanamu litapelekwa stoo ya serikali likiwa zima.

Mamangu akaacha kukuna nazi. "Wamesema yu mzima?"

"La, mama. Sanamu. Sanamu zima."

Akarudia kukuna nazi. Nilitamani ardhi inimeze.

Likaja winchi Jumatatu asubuhi. Nilimwambia babangu tunakwenda, akageukia ukutani. Msimamizi wa ile kazi alikuwa mtu wa bara, msalaba mdogo shingoni, anafanya kazi bandarini siku nyingine. Nilimkimbilia kabla hajafunga minyororo, nikamweleza mbiombio, nikijua ataniambia habari ya barua. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia mamangu, ambaye alikuwa tayari amepanda kidaraja, ameushika mkono.

"Mama, ni wa kijana wako?"

"Ni wake."

Akakunjua karatasi yake, akaisoma, akaikunja. "Mimi nimetumwa kuleta sanamu. Lina mikono mingapi, hapa haikuandikwa." Akamwita mfanyakazi mmoja mwenye nyundo kubwa, na mamangu akapiga ukelele uliosimamisha watu barabarani.

"Si kwa hiyo! Mtamuumiza!"

"Acheni," mtu akasema nyuma yetu.

Alikuwa babangu. Kanzu ameifunga upande mmoja, jasho lamtiririka, na kapu lake la vyombo begani, lile ambalo halikutoka uvunguni miaka yote hiyo. Watu wakampisha. Alipanda kidaraja akihema, akapiga magoti mbele ya yule bwana, jambo ambalo sikudhani nitaliona maishani mwangu, akatafuta kwa kidole gumba pale alipounga mwenyewe. Akaweka tindo. Akainua nyundo yake ndogo, ikabaki juu. Nilingoja aseme yale maneno yake, kwamba mkono hauna roho, na nilimwomba Mungu ayaseme, maana sisi sote tungepumua.

Akaishusha nyundo. Akaufunika ule mkono kwa mkono wake.

"Tulia, baba," akasema. "Sasa hivi nakutoa."

Mamangu akakunjua leso ya kumpokelea.