Swali la Dirishani

Nesi wa dirisha la methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa unga wa heroini, ana mikono mipana ya mtu aliyekulia shambani, lakini kikombe cha dawa anakupa kwa mikono yote miwili, kama anayemkaribisha mkwe. Ukishakunywa, hakuamuru upanue mdomo kama ng'ombe wa mnadani. Anakuuliza habari za kwenu, kisha anasubiri usikike, maana aliyebana dawa mdomoni hawezi kuongea.

Chenge, ambaye hakimu alisimamisha kesi yake ya unga kwa sharti la kutibiwa, asubuhi moja aliibana dawa yake. Alitaka kumpelekea rafiki yake wa Mabatini aliyekuwa akitetemeka kwa arosto, yale maumivu ya kukosa unga. "Mama yako kule Sengerema bado anapika michembe, vile viazi vikavu?" nesi akauliza. Chenge akaitikia kwa kichwa. "Anaweka karanga?" Kichwa tena. Pembeni alisimama askari aliyemsindikiza mgonjwa mwingine; neno moja tu kwake, na Chenge angerudi kizimbani. Nesi hakumtupia askari hata jicho. Akaegemea dirisha, foleni ikinung'unika. "Mimi nipo tu, baba. Nieleze anavyoipika." Machozi yakamlenga Chenge. Akameza. "Anaichemsha mpaka ilainike," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "halafu anamwagia karanga za kutwanga." Nesi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akapokea kikombe, akainama karibu ili askari asisikie. "Huyo uliyetaka kumpelekea, kesho njoo naye. Michembe nitaleta mimi."