Mlingoti wa Bibi Kirotshe

Simu ilinikuta nimelala kifudifudi, mgongo ukiuma kwa kuinamia cherehani mchana kutwa. Alikuwa bibi, mama mzazi wa baba yangu, tuliyemwita Koko, akipiga kutoka kwetu Kirotshe, kando ya ziwa. Hata salamu hakutoa. "Ukuye tuteremushe ule mulingoti," alisema. "Nimechoka kuuangalia." Nikaketi kitandani, usingizi umeniruka, maana kwa miaka mingi hakukubali mtu yeyote auguse.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, tulivyoishi na ule mti. Babu alituachia mashua iliyobeba maharagwe, mihogo na jibini ya milimani hadi soko la Goma. Injini haikuwepo. Tulikuwa na tanga la turubai na mlingoti wa mkaratusi uliopita paa la nyumba yetu kwa urefu. Uliinuliwa kabla ya kila safari na kushushwa mashua ikirudi, kwa sababu radi za kwetu hazina masihara, na kwa sababu pale ufukweni mlingoti uliosimama ulimwambia kila mtu kwamba mashua inamngoja msafiri wake.

Siku ya kuinua ilinukia moshi na maziwa. Mashua ilikaa nchi kavu. Kamba ilitoka juu ya mlingoti, ikapita kwenye nguzo yenye panda, ikazungushwa kwenye kisiki cha mti. Ilikuwa kamba ya kufungia ng'ombe ya jirani yetu mfugaji, na manyoya yao yalikuwa bado yamenasa humo. Kila mpita njia alitua mzigo, awe na haraka au asiwe nayo, akavuta, kisha akapewa kikombe cha maziwa ya kuganda. Hata katekista alivuta, na kanzu yake nyeupe. Sisi watoto tuliketi ndani ya mashua, migongo kwenye boriti, nyayo zikikandamiza kitako cha mlingoti usije ukateleza. Tulibanana, tukafinyana, tukacheka, na kwa kweli sijawahi tena kujiona mtu wa maana kama nilivyojiona pale.

Aliyeshika mwisho wa kamba pale kisikini alikuwa baba mdogo, kitinda mimba wa bibi. Kazi ile hakupewa mwingine. "Kuinua, kila muntu anaweza," bibi alizoea kusema. "Kushusha njo kazi yenyewe." Yule wa kisikini ndiye aliyeachia kamba kidogo kidogo. Akiachia kwa pupa, mti unavunjika na mashua inapasuka.

Asubuhi moja waliinua, wakapakia maharagwe, upepo ukachafuka, wakapakua. Kesho yake baba mdogo akafuatana na wenzake kwenda Walikale, kuchimba madini kwenye machimbo ya Omate. "Sitakawia, mama," alisema. "Muuache vile. Nitakuya kuushusha miye mwenyewe." Mwanzoni salamu zake zililetwa na watu waliotoka huko. Baadaye waliotoka huko wakaacha kututazama usoni.

Mlingoti ukabaki umesimama. Tulikimbia vita, tukarudi, tukaukuta. Kila mvua kubwa ikipita, bibi alitoka kukaza kamba zilizoushikilia. Baba alipokwenda na shoka, alimkuta mama yake amesimama mbele ya mashua, mikono nyuma. Baba akarudi na shoka lake, na shoka halikutajwa tena nyumbani.

Basi nikapanda pikipiki nikaenda. Mbao za ubavuni mwa mashua zilikuwa zimeoza, ila sakafu na boriti vilikuwa bado imara. Jirani mfugaji alishakufa. Mjane wake alileta maziwa na kamba ya nailoni, akashika mwisho wake pale kisikini bila kuuliza. Wapita njia waliosimama walikuwa vijana wa pikipiki, wawili watatu, na mmoja alimaliza kwanza kuongea na simu yake. Wakauliza tunaushusha ili tufanye nini. Bibi akawajibu, "Ili upumuzike."

Watoto wa kuketi kitakoni hawakuwepo, walikuwa shuleni. Nikaingia mimi, na mgongo wangu huu mbovu, nikaegemea boriti, nikaweka nyayo. Nikasikia mtu anajibanza ubavuni kwangu. Bibi alivua viatu vyake vya plastiki, akaweka nyayo zake kando ya zangu. Zilikuwa baridi, na ndogo kuliko nilivyozikumbuka.

"Achia," akamwita mjane pale kisikini. Sauti ilikuwa ileile ya zamani. "Achia kidogo. Polepole, mama. Achia tena."

Kamba ilikwaruza kisiki, nguzo yenye panda ikalia, na kivuli cha mlingoti kikapita juu ya vichwa vyetu. Ulilala bila kuvunjika popote. Vijana wakapiga makofi, wakanywa maziwa yao, wakaondoka na kelele za pikipiki. Ziwa likaonekana lote, hakuna kilicholikata katikati, na mimi nikaona huzuni ambayo sikuja nayo.

Leo pale Kirotshe mizigo inakwenda na boti za injini. Anayepita na haraka yake anapita, na vikombe vile sijui viliishia wapi. Lakini siku ile sikuwaza hayo. Niliwaza mgongo wangu, na namna ya kumwinua bibi pale chini.

"Koko, imekwisha," nikamwambia. "Toa miguu."

"Najua," alisema, nyayo zake bado zimekandamiza kitako cha mlingoti. "Uniache kidogo."