Masanduku Yaliyombeba Bibi Yako

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua kule Nyanungu, mwanangu, na umenikumbusha wewe, uliponiuliza kama ufunge mifuko ya turubai au masanduku ya chuma kwenye pikipiki yako. Kaa kwanza, jibu langu ni refu kidogo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Kazi yangu ilikuwa kupeleka dawa za ng'ombe vijijini kwa pikipiki, na chupa zile zilitaka masanduku. Mimi nilitaka mapana, ya kuonekana toka mbali. Ujana bwana! Fundi Salehe, fundi bati wa Tarime mjini, hakuniuliza nabeba nini, aliniuliza napita wapi. Nikamwambia napita njia za ng'ombe na milango ya maboma. Basi akapima usukani wangu kwa kamba, akasema masanduku hayatazidi hapo, ili usukani ukipita na yenyewe yapite. Akayafunga kwenye fremu ya nondo, chini, karibu na gurudumu, kila moja na mshikio mnene wa chuma. Mungu amrehemu mzee yule, namshukuru hadi leo.

Asubuhi hiyo bibi yako, mama wa mama yako, alikuwa anaungua kwa homa na tumbo limemvimba. Hospitali ilikuwa Tarime, na lori halikuweza kufika kwa sababu ya tope. Mwenye pikipiki nilikuwa mimi peke yangu, na hapo ndipo penye shida. Unazijua mila zetu sisi Wakurya: mkwe na mama mkwe hawagusani, hawakai karibu, hata macho yao hayakutani. Bibi yako akamtuma mama yako aniambie kwamba afadhali afie nyumbani kwake kuliko kushika kiuno cha mkwewe. Mama yako alikuwa analia. Nami nimesimama nje nimeshika usukani.

Baba mkwe wangu akaizunguka pikipiki polepole. Akashika mshikio wa sanduku, akautikisa kwa nguvu zake zote. Haukusogea.

"Mkalisheni ageukie nyuma," akasema. "Yeye ataangalia alikotoka, mkwe ataangalia anakokwenda."

Tukatoa chupa. Nguo za bibi yako tukatia upande mmoja, viazi upande wa pili mpaka uzito ukalingana, maana upande mmoja ukizidi, pikipiki inakuvuta huko kama ng'ombe mkaidi. Katikati yetu wakafunga blanketi nene. Akakaa, mkono huku na mkono huku, ameshika chuma.

Bondeni tope likatuangusha. Pikipiki ililalia sanduku, haikufika chini, na mguu wa bibi yako haukubanwa. Turubai lingebonyea tu. Mimi nilibaki nimepiga magoti kwenye tope, naogopa kumgusa, naogopa kumwacha. Ndipo nikamsikia nyuma yangu.

"Mwambieni huyo kijana sijaumia. Aendeshe."

Hapakuwa na mtu wa kuniambia, mwanangu. Tulikuwa sisi wawili tu, na ng'ombe waliokuwa wakitutazama. Nilicheka huku machozi yananitoka, nikaiinua pikipiki. Yeye mwenyewe akajivuta kwa mshikio akapanda, nami nikaangalia mbele hadi hospitali. Wakamlaza, akapona.

Kwa hiyo chukua ya chuma. Yafungwe kwenye fremu, si kwenye kiti. Yasizidi usukani, kizito kikae chini, pande mbili zilingane. Ukimpata fundi anayetaka kujua unapita wapi kabla ya kukata bati, mheshimu sana huyo. Na mila za wazee wako usizidharau, ila usiziache zikaua mtu. Kaa chini utafute namna, kama baba mkwe wangu alivyotafuta.

Sasa nenda, mwanangu. Mungu akutangulie kwenye tope na kwenye vumbi, na siku ukianguka akupe watu wa kukuinua. Mimi alishanipa. Mama yako aliposhikwa na uchungu wako, bibi yako huyohuyo ndiye aliyekuwa naye ndani, na mikono yake ndiyo iliyokupokea duniani, kabla hata mimi baba yako sijakuona.