Mibuni Aliyobaki Nayo Mdogo Wangu

Nilimwonea wivu mdogo wangu wa tumbo moja, na sitaki kuficha. Baba alipofariki tuligawana, mimi ng'ombe, yeye mibuni. Wakati huo kahawa haikuwa na maana, watu waliikata kuni. Nikamcheka. Ng'ombe niliuza nikahamia Kirumba kwenye biashara ya dagaa. Hela ilikoishia tupaache, kuna mwanamke anaingia humo.

Mwaka juzi nikasikia wageni wanavuka ziwa hadi Nansio, kwetu kisiwani, kutazama kahawa yake. Nikapanda kivuko na neno moja moyoni: anirudishie nusu ya shamba.

"Shikamoo kaka," akaniamkia mbele ya wageni. Tukapewa vikapu wote, tuchume. Mimi nikachuma kama alivyochuma baba, unashika tawi unavuta, mbichi na mbivu zinakuja pamoja.

Mke wake akanitazama. "Shemeji, huo mkono wa dagaa, unakumba tu."

Wageni wakacheka. Nami nikacheka, kwa meno.

Kila kikapu kikamwagwa kwenye beseni lake la maji. Buni nzuri inazama, isiyo na punje ndani inaelea. Za mdogo wangu zikazama. Zangu zikafunika maji, na hata zilizozama, nusu za kijani. Mdogo wangu akainama akazitoa moja moja, nyekundu akazitandaza kwenye kichanja cha waya, juu kama kitanda, akiwaeleza wageni kwamba zinageuzwa kutwa nzima, kwa wiki kadhaa, mpaka ukitikisa punje isikike ndani. Baba alianika chini, kuku wanapita juu yake. Kahawa yetu ilinuka udongo, tukadhani ndiyo harufu yake.

Na sauti aliyokuwa akielezea nayo ilikuwa ya baba kabisa. Hapo ndipo wivu uliponikaba. Sauti angalau tungegawana.

Wageni walipoondoka nikamwambia, nataka nusu.

Akaendelea kugeuza buni. "Chukua ya upande wa ziwani, kaka, ndiyo inazaa zaidi. Utahamia lini? Wiki ijayo tunachuma tena."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Kwenye kivuko nilishapanga hadi matusi. Angeninyima, ningekuwa na la kumsema Kirumba mpaka nife. Nikamjibu nina dagaa juani, nitaangalia.

"Sawa kaka," akasema.

Nikaondoka na kivuko cha mchana. Sijarudi, na upande wa ziwani nasikia anauchuma yeye, anasema ni wa kaka yake.