Bibi, Usilale Hadi Masika

Ndugu yangu, mie masomo ya jioni nimeyamaliza kwa raha zangu. Tabata nzima inajua, na asiyejua nimemwambia. Lakini siku mwalimu wa jiografia alipofika kwenye misitu ya nchi za baridi, kule ambako majani hupukutika yote na dubu hulala mpaka joto lirudi, mtu mzima na ndevu zangu nilishikilia kiti. Maana habari hiyo niliisikia mara ya kwanza nikiwa darasa la tatu, na nusura initoe roho.

Tulikuwa tunakaa kwa bibi, nyuma ya Mbezi, enzi hizo msitu ukiishia jikoni. Sitii chumvi: tumbili walikuwa wanaonja mboga kabla yetu, na komba akilia jioni unaapa kuna kichanga kimetupwa dirishani. Asubuhi ilinukia majani yenye umande na moshi wa kuni.

Sasa mwalimu wetu wa darasa la tatu, katika kutafuta jina la ule msimu wa kulala dubu, akasema, "Kipupwe." Basi. Kipupwe si tulikuwa nacho! Nikarudi mbio, upepo mkavu unanichapa miguu. Uani, msufi wetu, mti mrefu kuliko minara yote ya simu, haukuwa na jani hata moja. Tumbili kimya. Ndani, bibi, ambaye hajalala mchana tangu dunia iumbwe, kajifunika blanketi gubigubi.

Jirani alikuwa anapepeta mchele mlangoni. "Mwache bibi yako," akaniambia, "kalala. Homa imempiga."

Kalala! Jana yake alikula sahani mbili za makande, na mwalimu alisema dubu naye hula sana kwanza. Nikanyakua sufuria na mwiko, nikagonga mpaka kuku wakahama mtaa.

"Bibi! Usilale hadi masika! Mie nitakaa na nani?"

Blanketi halikutikisika. Nikalia, nikagonga, nikalia tena. Hatimaye kichwa kikachomoza.

"We mtoto, una mashetani?"

"Umekuwa dubu, bibi."

"Dubu ndo nani?"

"Ana manyoya, anakula sana, halafu analala miezi."

"Basi huyo babu yako."

Jirani akaangusha ungo kwa kicheko. Mie sikucheka. Nilishika kidole gumba cha mguu wa bibi mpaka jioni. Kilikuwa cha moto, nami nikauombea moto huo usizime.

Msufi haukulala, bibi aliniambia, unabana maji tu. Mvua zikija utavaa majani. Ukavaa kweli, naye akapona.

Leo pale uani pana fremu za maduka. Msufi uliangushwa, tumbili sijui walihamia wapi. Bibi mwenyewe alilala kipupwe kimoja, mie nikiwa kazini, hapakuwa na wa kugonga sufuria. Masika ikaja, ikapita.

Sasa mama naye kazeeka, anapenda kujifunika gubigubi mchana. Baridi ikianza tu, napita karibu yake naangusha kijiko makusudi. Akinitukana, napumua.