Mlinzi wa Mlango wa Dharura

Mlinzi wa ukumbi wa harusi kule Kinanira ana mikono mipana na mluzi usiokatika. Kila mara Honoré, mpambaji, akiziba mlango wa dharura kwa kreti za soda, yeye huziondoa taratibu, kisha hujifuta mikono kwenye suruali.

"Patron, huku njo watu watapita moto ikiwaka."

"Watu gani? Si bibi yangu tu!"

Maana mkewe Béatrice hupitishia sahani pale, na mluzi ule humchekesha kuliko maneno yote ya mumewe. Jumamosi mapazia yakashika moto. Béatrice akakimbilia mlango ule, hakugeuka hata kumtafuta Honoré.

"Pita mbio, patron," mlinzi akasema, akimsukuma mgongoni. Honoré, wivu ukimkaba kuliko moshi, akapita.